Kaka aliua mkewe na wanawe kisha akajiua: tumuombee? Na lawama ni ya nani?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Kaka yangu amemuua wifi yangu, binti zao wawili na mdogo wake wifi, kisha akajiua. Amebaki mtoto wao mmoja wa kiume wa miaka sita, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka na bibi yake mzaa mama. Wifi alikuwa amerudi kwao na ameshafungua shauri kwa kadhi akitaka kuachwa. Kabla ya hapo alikimbia mara mbili kwa sababu ya kipigo, na mara zote wazee walimrejesha. Mara ya pili mimi ndiye niliyemfuata kwao nikamrudisha. Imamu wa mtaani alikataa kumsalia kaka, akasema ni kafiri, wakamsalia watu wachache. Sasa ndugu zangu wanataka kusoma hitma (kisomo cha kuwaombea maiti) moja ya wote watano, na wamesambaza kwenye simu picha yao ya pamoja yenye maneno "wametangulia pamoja, Mungu awakutanishe peponi". Kwa kina wifi hawapokei hata salamu zetu. Kuna mawaidha ya sauti yanazunguka, mhubiri anasema wanawake wanaodai talaka ndio wanaowatia waume zao wazimu, na ndugu zangu wanayashikilia. Wanataka na nyumba, na mtoto. Mama mmoja ameniambia nifunge miezi miwili mfululizo iwe kafara yangu. Sheikh, nimuombee kaka? Na mimi dhambi yangu ni ipi? Usingizi siupati.

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Allah awarehemu waliouawa na awape subira wazazi wa wifi yako. Jina na mji wako nimeviacha kama ulivyoomba. Mambo ya ndoa kwa kawaida huwaambia watu wayapeleke kwa kadhi, kwa sababu yeye huzisikia pande zote mbili. Hili nimelijibu hadharani kwa kuwa hiyo sauti unayoitaja imenifikia na mimi, na walionitumia ni watu wazima wenye mabinti walioolewa.

Nianze na kumsalia. Imamu wenu angesema "mimi simsalii" na kunyamaza, ningemuelewa. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa sahaba Jabir bin Samura kwamba aliletwa maiti ya mtu aliyejiua, na Mtume (s.a.w.) hakumsalia. Katika mapokezi ya An-Nasai maneno yake ni "ama mimi, simsalii", wala hakuwakataza masahaba. Imamu Nawawi ameeleza kuwa Umar bin Abdulaziz na Al-Awzai waliona mtu huyo hasaliwi, na wanazuoni walio wengi, wakiwemo Abu Hanifa, Malik na Shafi, wakaona anasaliwa, na kwamba Mtume alijiweka kando ili watu wakiogope kitendo kile. Kwa hiyo mtu anayeigwa na watu akikaa pembeni, ana msingi. Kumwita maiti kafiri ni jambo jingine kabisa. Kumtoa Muislamu katika dini kwa sababu ya dhambi kubwa ni itikadi ya Khawarij, kundi lililojitenga na Waislamu zama za mwanzo, na Ahlu Sunna wameikataa tangu zama za masahaba. Hao wachache waliosimama wametuondolea sote faradhi. Allah awalipe.

Muombee. Allah amesema katika Suratun-Nisaa, aya ya 48, kuwa hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakaye. Na Muslim amepokea kisa cha mtu aliyehama na sahaba Tufayl bin Amr kwenda Madina, akaugua, maumivu yakamshinda akajidhuru mikono hata akafa. Tufayl akamuona ndotoni yuko katika hali njema, ila mikono ameifunika, ameambiwa "hatutakitengeneza ulichokiharibu mwenyewe". Mtume aliposimuliwa akaomba: "Ewe Mola, na mikono yake pia msamehe." Nakutajia kisa hiki ili usikate tamaa. Lakini elewa kuwa mtu yule hakumgusa mwingine. Kaka yako kabla ya nafsi yake aliziangamiza nafsi nne, na sura hiyohiyo ya Nisaa, aya ya 93, ina kitisho juu ya anayemuua muumini kwa makusudi ambacho Ibn Abbas alikiona kizito kiasi cha kusema muuaji huyo hana toba. Wengi wamesema toba ipo. Kaka yako hakujipa hata nafasi ya kutubu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa jambo la kwanza litakalohukumiwa baina ya watu Siku ya Kiyama ni damu. Katika kesi hiyo wenye haki ni wifi yako, mdogo wake na wale watoto. Wewe unaweza kumuombea kaka yako rehema ya Allah. Kusamehe kwa niaba yao huwezi, wala ndugu zako hawawezi.

Ndiyo maana hiyo picha iondoeni leo.

Ugomvi wetu wa kila siku kuhusu hitma, kama ni bidaa (uzushi katika dini) au si bidaa, sitauingia hapa. Wanaosoma wasome. Lakini kuwasomea kwa pamoja muuaji na aliowaua, tena bila ridhaa ya wazazi wa waliouawa, hilo halihitaji hata kufungua kitabu. Picha ile inawaonyesha kama watu waliopanda basi moja likapinduka. Binti zile hawakutangulia na baba yao. Baba yao aliwaua. Kumuomba Allah awakutanishe naye ni kumfanyia mtoto asiyeweza kusema chaguo ambalo pengine Siku ya Kiyama yeye ndiye atakayelilalamikia. Suratut-Takwir imetaja mtoto wa kike aliyezikwa hai atakapoulizwa aliuawa kwa dhambi gani, na aliyemzika, kwa ada ya Waarabu wa zama zile, alikuwa ni baba yake.

Mambo haya hayako kwetu tu. Ireland, katika jimbo la Cavan, mwezi Agosti 2016 mwalimu mmoja, naibu mkuu wa shule na mtu wa kanisani, alimuua mkewe na wanawe watatu kisha akajiua. Akazikwa pamoja nao, na watu wakamtaja kwa wema. Mwaka uliofuata ndugu wa mke waliona hawawezi kulizuru kaburi lile akiwa ndani yake, na maiti yake ikafukuliwa ikaondolewa. Marekani, katika mji mdogo wa Enoch, jimbo la Utah, Januari 2023 mtu aliwaua mkewe, watoto wao watano na mama mkwe wake, baada ya mke kufungua shauri la talaka mwezi Desemba. Ikatoka tanzia ya kumsifu jinsi alivyokuwa baba mwema. Watu wakakasirika, ikaondolewa. Wale si Waislamu, na uchungu wa ndugu wa waliouawa umekuwa uleule wa kina wifi yako. Mtume ametukataza kuwatukana maiti, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Hadithi hiyo ni ya Bi Aisha na iko kwa Bukhari. Basi msimtukane kaka yenu. Hakuna aliyewaamrisha kumpamba.

Sasa hiyo sauti. Nimeisikiliza hadi mwisho. Mhubiri anasoma hadithi ya Thawban, kwamba mwanamke anayemuomba mumewe talaka harufu ya pepo ni haramu kwake. Hadithi ipo kwa Abu Daud na Tirmidhi, lakini yeye ameisoma nusu. Ndani yake mna sharti: "pasipo dhiki". Wifi yako alipigwa hadi akakimbia mara mbili. Kama hiyo si dhiki, mhubiri atuambie dhiki ni nini, na atuambie angesemaje kama angekuwa ni binti yake. Kisha analeta ile ya "halali inayochukiza zaidi mbele ya Allah ni talaka", anaikariri kama aya ya Qurani, na wala hawaambii wasikilizaji wake kuwa wanazuoni wa hadithi wameizungumza sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, na wengi wameona sahihi yake ni mursal, yaani mlolongo huo umekatika bila kutajwa sahaba. Mwenye kupanda mimbari achunge ulimi wake, hasa watu wakiwa wametoka kuzika watoto.

Na yaliyo sahihi kabisa, kwa nini hakuyasoma? Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume akasema simlaumu Thabit kwa tabia wala kwa dini, ila siwezi kuishi naye. Hakupigiwa kelele. Aliulizwa kama atarudisha shamba alilopewa kuwa mahari, akakubali, Thabit akaambiwa alipokee na amuache. Katika mapokezi hayo hapakutajwa kipigo, palitajwa moyo uliokataa tu. Pia yuko Barira, aliyekuwa mtumwa. Alipopata uhuru wake akachagua kuachana na mumewe, Mughith, naye Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume akamuonea huruma, akamwambia Barira laiti ungemrudia. Barira akauliza: "Unaniamrisha?" Akajibiwa: "Mimi ni muombezi tu." Akasema: "Basi sina haja naye." Mambo yakaishia hapo. Mtume mwenyewe aliombea suluhu, mwanamke akakataa, na hakuna mzee yeyote wa Madina aliyemshika mkono Barira kumrejesha. Mughith alilia mchana mbele za watu na hakuna aliyemcheka, wala hatukusikia kuwa alimnyanyulia mkono. Waume wa kwetu wanaambiwa tangu utotoni kuwa mwanamume kulia ni aibu, na kuachwa na mke ni aibu kubwa zaidi. Nani amewafundisha hayo? Si Bukhari.

Mhubiri anasema mke ndiye anayemtia mume wazimu. Wakenya wanakumbuka Desemba 2021, Kabete, Nairobi. Askari polisi alimpiga mkewe risasi nyumbani kwa bunduki ya serikali, kisha akatoka nje gizani akaua watu wasioijua kabisa ndoa yake, wakiwemo vijana wa bodaboda waliokuwa wakitafuta riziki, mwisho akajiua. Wale vijana walidai talaka gani? Na mdogo wake wifi yako, alikosea nini? Na watoto? Mtu akishaamini kuwa mke na watoto ni milki yake, kama ng'ombe wa zizini kwake, kila anayesimama baina yake na milki hiyo anakuwa adui. Hiyo ndiyo itikadi iliyoua. Kufungua shauri kwa kadhi kuliitoa nje tu. Qurani imesema "kukaa kwa wema au kuachana kwa hisani" (Al-Baqara 229), ikakataza kuwazuia wake kwa nia ya kuwadhuru (231), na katika An-Nisaa 130 Allah akaahidi kuwa wakiachana atamtosheleza kila mmoja wao kwa wasaa wake. Kila mmoja, mume na mke. Anayefundisha kuwa talaka ni mwisho wa dunia anaificha aya hiyo kwa watu wanaoihitaji zaidi.

Wazimu wa kweli upo, na Mtume amesema kalamu imeondolewa kwa mwendawazimu mpaka apone, yaani haandikiwi dhambi. Hilo huthibitishwa na madaktari, si na majirani msibani. Mtu aliyekwenda kazini juzi yake, akalipa kodi ya duka, akajua ni wakati gani mkewe atakuwa nyumbani kwao, huyo alikuwa na akili zake mpaka uthibitishwe ugonjwa. Wengine watasema amerogwa, au shetani alimpitia. Shetani mwenyewe ameshalijibu hili katika Surat Ibrahim, aya ya 22: sikuwa na mamlaka yoyote juu yenu, niliwaita tu mkaniitikia, basi msinilaumu mimi, zilaumuni nafsi zenu.

Kuhusu wazee wetu nitasema neno zito, na wao wanijue nawapenda. Suluhu ya An-Nisaa 35 ina waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, na lengo lao ni haki. Kumpa mwanamke maji ya kunywa, kumwambia "ndoa ni subira mwanangu", na kumpandisha gari jioni ileile kumrudisha kwa anayempiga, hiyo si suluhu ya aya ile. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au watu wa familia zao, yaani wastani wa 140 kila siku. Na wanaoshughulika na mambo haya wanajua kuwa mwanamke yuko hatarini zaidi pale anapoondoka na muda mfupi baada ya hapo. Kwa hiyo mume akisema "nikikukosa mimi, hakuna atakayekupata", wazee wasichukulie kuwa ni mahaba. Ni kitisho cha kuua. Apelekwe polisi, mke asibaki naye faragha kwa kisingizio cha mazungumzo ya mwisho, vitu vyake vichukuliwe na watu wengine, na watoto wapokelewe na kurudishwa kwa mkono wa mtu wa tatu. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani, ambayo mahakama huweza kuitumia kumzuia mume asimkaribie mke, na iko simu ya 1195. Kwenda huko si kuvunja stara. Fatima bint Qays alipomtaka Mtume ushauri kuhusu wachumba wake, aliambiwa waziwazi kuwa Abu Jahm hashushi fimbo begani. Hilo ni katika Sahih Muslim. Mtume alitaja aibu ya mtu kwa jina ili mwanamke asalimike.

Nyumba na mtoto ni mepesi kuliko ndugu zako wanavyodhani. Muuaji hamrithi aliyemuua, kwa hiyo cha wifi na cha binti zake hakikupita kwa kaka yako hata kidogo. Mali ya kaka yako mwenyewe, nyumba ikiwemo kama ni yake, hulipiwa madeni kwanza. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, kisasi kikianguka kwa kufa muuaji, dia, yaani fidia ya damu, hubaki kuwa deni katika mali aliyoiacha, kwa warithi wa kila aliyeuawa. Kikibaki kitu baada ya hapo, mama yenu ana sudusi yake (moja ya sita) kama yu hai, kinachosalia ni cha mtoto wake wa kiume. Ndugu wa maiti hawarithi pakiwa na mtoto wa kiume. Hawana chumba wala bati. Usimamizi wa mali ya yatima nao, kwa madhehebu yetu, ami hana kwa kuwa ni ami tu. Pasipo babu mzaa baba wala wasii (mtu aliyeusiwa na marehemu), basi ni kadhi. Na malezi ya mtoto wa umri huo, mama akiwa hayupo, ni ya mama wa mama yake. Kaendeni kwa kadhi muandikiwe hesabu zote, kwa sababu mpangilio wa nani alitangulia kufa una athari katika mafungu. Aya ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma mnaijua, sina haja ya kuisoma.

Nimekuweka mwisho wewe, dada yangu, kwa kuwa barua yako yote ilikuwa inaelekea hapo.

Kafara ya miezi miwili usifunge kwa nia hiyo. Kafara ya kuua ni ya aliyeua, na wewe hukuua. Suratul-An'am inasema hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine, na hilo linakukinga wewe na mama yenu mbele ya yeyote anayewaita ukoo wa wauaji. Ila uliniuliza dhambi yako ni ipi, na nikikwambia huna lolote nitakuwa nakubembeleza kwa uongo. Ulijua kuna kipigo, na ulimrejesha. Ulidhani unaiponya nyumba, na Allah anaijua nia hiyo kuliko mimi. Hukujua yatakayokuja. Kilichobaki kwako ni toba ya hilo uliloliona ukalinyamazia, na toba hiyo ina mlango wake. Al-Baqara 160 imewataja walioficha jambo kisha wakatubu, wakatengeneza na wakabainisha. Basi bainisha. Simama mbele ya ndugu zako na mbele ya wazazi wa wifi useme uliyoyajua: kwamba alikuwa akipigwa, kwamba mlijua, kwamba hakudai talaka kwa ujeuri. Mtu wa upande wa mume akisema hayo, ile sauti ya mhubiri itakosa pa kushika katika familia yenu. Wifi umuombee na umtolee sadaka. Na usingizi ukiendelea kukukimbia, au ukianza kutamani ungekufa wewe badala yake, usikae na hilo peke yako usiku. Mwambie mtu unayemuamini na uende hospitali uonane na daktari. Kutafuta dawa ni sunna.

Kwa bibi mzaa mama nenda peke yako au na mama yenu, bila kaka zako. Usiende kumuombea kaka msamaha, wala usiitaje nyumba. Mwambie mtoto ni wake, na kwamba wewe shangazi yake utatoa karo na nguo, umuone pale atakapokuruhusu. Akikataa kufungua mlango usisimame hapo ukalia hadi majirani watoke. Rudi, tuma hiyo karo kwa njia ya kadhi au ya shule, na ujaribu tena baada ya Ramadhani.

Wallahu aalam.